Ushindi wa Crécy haukuletwa na mti

Mhariri,

Makala yenu kuhusu vita vya Crécy vya mwaka 1346 imeeleza vizuri jinsi wapiga upinde wa Uingereza walivyowavuruga wapanda farasi wa Ufaransa. Ila imehitimisha kwamba siri ilikuwa mti wa yew, uliochongewa pinde zao. Hapo napinga.

Mti huo ni bora kweli. Tabaka jeupe la nje huvutika bila kukatika, na kiini chekundu hustahimili kubanwa, hivyo fundi huchonga upinde wenye vyote viwili: weupe kuelekea adui, kiini kuelekea mpigaji. Lakini mbao nyingi nzuri ziliagizwa kutoka ng'ambo, hata sheria ya 1472 ikawalazimisha wafanyabiashara kuleta mbao nne za pinde kwa kila tani ya shehena. Waliowauzia Waingereza mti huo walikuwa nao tele, wala hawakupata jeshi la namna ile.

Kazi ilikuwa kupata watu. Pinde zilizoopolewa kwenye Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama 1545, zinakadiriwa kuhitaji nguvu ya kama kilo 45 hadi 80 kuzivuta. Askofu Hugh Latimer alieleza katika mahubiri ya 1549 kwamba baba yake alimnunulia pinde kwa kadiri ya umri na nguvu zake, akikua anapewa kubwa zaidi, na alimfundisha kuulalia upinde kwa mwili mzima badala ya kuvuta kwa mikono tu. Anayetegemea mkono huchoka upesi, havuti hadi mwisho, na mshale wake huanguka karibu. Ndiyo sababu mfalme wa Uingereza, Edward III, aliamuru mwaka 1363 wanaume wafanye mazoezi ya upinde kila sikukuu, akapiga marufuku mpira.

Ufaransa nayo ilijaribu. Mwaka 1448 mfalme wake Charles VII aliagiza kila parokia itoe mpiga upinde, asamehewe kodi. Kwenye vita vya Guinegate vya 1479 wapiga upinde hao walifanya vibaya, na mfalme Louis XI akakivunja kikosi chao. Msamaha wa kodi humpata mtu akiwa mkubwa tayari. Mabega ya kazi hii yalitakiwa yaanze utotoni.

Mkiandika tena, tafadhali gusieni mifupa ya waliozama na Mary Rose. Baadhi yao ncha ya mfupa wa bega haikuungana na mfupa wenyewe, jambo ambalo wataalamu wamelihusisha na kuvuta pinde nzito tangu ujanani.

Mwalimu wa historia,
Morogoro