Mkavu wa macho

Ndugu Mhariri,

Wiki tatu zilizopita tulimzika dada yangu mkubwa, ndiye aliyenilea. Sikutoa hata chozi. Watu walipoanza kutawanyika nikamsikia mama mmoja nyuma yangu akimnong'oneza mwenzake: "Huyu ndiye mdogo wake? Kumbe mkavu wa macho hivi!" Alisema kweli bila kujua. Macho yangu ni makavu, na si kwa kukosa haya. Yamekauka miaka sita sasa, na ndiyo sababu naomba nafasi katika ukurasa wako.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa na maumivu ya mshipa wa fahamu usoni, yale yanayopiga kama shoti ya umeme, nikaandikiwa kabamazepini. Wengi wenye kifafa wanaishi vizuri kwa dawa hiyo, nami sina ugomvi nayo. Siku ya 16 niliamka na homa, koo linawaka, macho mekundu. Nikajiambia ni mafua, nikanunua matone ya macho, nikarudi kwenye cherehani. Kesho yake mdomo ulijaa vidonda. Vipele vya kifuani viligeuka malengelenge, na ngozi ikawa inabanduka ukiigusa, kama karatasi iliyolowa.

Ugonjwa huo unaitwa sindromu ya Stevens-Johnson. Ni nadra. Kinga ya mwili, ikichokozwa na dawa, inageuka kuishambulia ngozi na kila utando laini: mdomo, sehemu za siri, macho. Dawa za salfa zinaweza kuuleta, na alopurinoli wanayomeza wagonjwa wa gauti, na fenitoini na lamotrijini za kifafa, na nevirapini ya VVU. Mara nyingi hutokea ndani ya wiki nne za kwanza tangu kuanza dawa.

Nilikaa wodini wiki tano. Waliopigania uhai wangu siwalaumu, kwani nisingekuwepo leo kuandika. Lakini kope zilikuwa zimevimba na kufumba, na hakuna aliyezifungua kutazama ndani mpaka siku ya 11. Wakati huo ndani ya kope la kushoto palikuwa pameshagandana na jicho. Baadaye daktari wa macho aliniambia kwamba siku zile za mwanzo ndizo zenye thamani: macho husafishwa, hupakwa dawa, na yakiwa yameungua sana hufunikwa kwa utando mwembamba unaotolewa kwenye kondo la nyuma, ili yasishikane na kope. Siku hizo zikipita, kinachobaki ni kuishi na kovu.

Watu husikia "macho makavu" wakadhani ni kuchoka kwa kutazama simu. Chozi si maji matupu. Lina ute unaolifanya lishike kwenye jicho, lina maji, na lina mafuta ya juu yanayolizuia lisikauke upesi. Kwangu vyote vitatu vimeharibika, na ukingo wa ndani wa kope, uliokuwa laini, umekuwa mgumu kama ngozi ya kisigino. Kila nikipepesa unakwaruza konea, kile kioo cha mbele ya jicho. Mara elfu ngapi kwa siku? Sijawahi kuhesabu, na naona ni heri.

Asubuhi sifumbui macho kabla ya kupapasa kichupa na kulowesha kope, maana nikikurupuka naweza kuchuna jicho. Matone yangu ni yale yasiyo na kemikali ya kuhifadhi, kwa kuwa nayatumia kila nusu saa na kemikali ile ingenimaliza. Nywele za kope zinazoota kuelekea ndani nang'olewa kila baada ya wiki chache. Nina matone mengine yanayotengenezwa kwa damu yangu mwenyewe: inatolewa, inazungushwa kwenye mashine, seramu yake, yaani yale maji yanayojitenga na damu, inachanganywa na maji ya chumvi, sehemu moja kwa nne, kisha inagandishwa. Kwa hiyo nikisema nalia kwa damu, mjue sitanii. Mwaka jana nilipata lenzi ngumu, kubwa kuliko za kawaida, inayojazwa maji kabla ya kuvaliwa, na maji hayo yanakaa juu ya konea siku nzima. Siku ya kwanza nilipoivaa nilitunga uzi kwenye sindano bila kumwita mtu. Nikaufungua, nikautunga tena. Sikuwa na chochote cha kushona.

Sasa ombi langu. Mwaka 1922 madaktari wawili wa watoto wa Marekani, Stevens na Johnson, waliandika juu ya wavulana wawili wenye homa na vipele, na kwenye kichwa cha taarifa yao waliyataja mdomo na macho. Macho yalikuwamo tangu mstari wa kwanza. Basi mgonjwa wa namna hii akipokelewa, daktari wa macho aitwe siku hiyo hiyo, asingojewe ngozi ipone. Nawe uliyeanza dawa mpya, ukiona homa, vidonda mdomoni na macho mekundu vimeandamana na vipele, beba pakiti ya dawa uende hospitali leo. Usifanye kama mimi, kukaa kushona. Na ukipona, jina la dawa liandikwe mahali unapotembea nalo. Langu liko kwenye kadi ndani ya pochi, kwa herufi kubwa, na nimelishona pia ndani ya kola ya koti. Fundi ni fundi.

Yule mama sikumjibu. Dada yangu nilimlilia usiku wa nne, peke yangu, kwa namna ninayoweza: koo limekaba, mabega yanatikisika, uso mkavu. Halafu nikanyoosha mkono gizani kutafuta matone, maana macho yalishaanza kuwaka.

Fundi Cherehani