Maiti apigwe picha kabla ya kisu

Ndugu Mhariri,

Hapa Arua, Uganda, kijana akifa kwa ajali ya bodaboda, ugomvi huanzia mochari. Polisi wanataka maiti apimwe. Sisi Waislamu tunataka tumwoshe, tumkafini na tumzike kabla jua halijazama. Wazee wakisikia habari ya kupasua, wengine huomba wapewe mwili wao hivyo hivyo, na kesi inafia hapo.

Hospitali za rufaa za mikoa zimeletewa mashine za CT, zile zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei, miaka ya karibuni. Kwa nini maiti asianze kwa kupigwa picha, tena usiku, foleni ya wagonjwa ikiwa imepungua? Mwili unabaki ndani ya mfuko wake na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kule Melbourne, Australia, taasisi ya uchunguzi wa vifo imekuwa ikiwapiga maiti picha za CT tangu 2005, ndipo daktari anaamua kama kuna haja ya kupasua. Fuvu lililopasuka, damu iliyovia kichwani, mbavu zilizovunjika, risasi iliyobaki mwilini: hivyo vyote huonekana vizuri.

Ila tusidanganyane. Utafiti wa Uingereza uliotoka 2012 ulilinganisha picha na upasuaji kwa maiti 182, na karibu theluthi moja ya majibu ya CT yalipishana kabisa na ya kisu. Mshipa wa moyo ulioziba na donge la damu kwenye mapafu ndivyo vilivyoponyoka sana. Damu ya maiti haitembei, kwa hiyo ile dawa anayochomwa mgonjwa ili mishipa yake ionekane kwenye picha haisambai yenyewe. Tena damu huteremka upande aliolazwa, na mapafu yake kwenye picha yakafanana na ya mwenye nimonia. Daktari aliyezoea picha za walio hai tu anaweza kuapa kwamba ni nimonia.

Basi kisu kibaki. Aliyeanguka ghafla, au anayeshukiwa kulishwa sumu, picha haimtoshi. Sumu hutafutwa maabara. Lakini waliogongwa, waliopigwa na waliopigwa risasi waanzie kwenye picha, wasomaji wa picha wafundishwe kusoma za maiti, na Wizara ya Afya ikubaliane na polisi nani analipa, maana ikiachiwa familia hakuna atakayekwenda. Mgonjwa mahututi akiletwa, maiti asubiri. Yeye hana haraka, ingawa jamaa zake wanayo.

Mwanakamati wa mazishi,
Arua