Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tunachokitia Ziwani na Tunachokivuna

Ndugu wanachama, mababa na mamama wa chama chetu hapa Bukavu,

Kila mwaka taarifa hii huanza na mavuno, kana kwamba ziwa ndilo lililofanya kazi na sisi tulikuwa tumeketi ufukoni tukingoja. Mwaka huu naomba nianze na upande wetu, yaani jasho, vyombo, betri, ujuzi na kanuni tunazozitia katika uvuvi, kwa kuwa hivyo ndivyo vinavyoamua sambaza, yule samaki wetu mdogo, aliyetoka majini atamfaa nani na kwa kiasi gani.

Wazee wetu wanajua kwamba sambaza si mwenyeji wa Ziwa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya mwaka 1958 na 1960, akatiwa katika ziwa ambalo samaki wake huishi tabaka la juu tu, kwani ukipita mita 60 au 70 hivi kwenda chini maji hayana oksijeni. Kuwamo kwake peke yake hakukumshibisha mtu. Ilibidi watu wajifunze kuunganisha mitumbwi mitatu kuwa trimarani, kushusha wavu, na kuwasha taa katika usiku usio na mbalamwezi ili samaki wapande kuifuata nuru. (Nyimbo tunazopigia makasia nazo ni chombo cha kazi, ingawa wageni huzipiga picha kama ngoma ya harusi.)

Taa za petroli zinazidi kuachia nafasi taa za betri na sola, na gharama ya usiku mmoja imepungua. Hilo ni jema. Lakini mwenye trimarani akiongeza taa moja, jirani yake huongeza mbili, na sambaza hawazaliani kwa sababu ya taa. Zaidi ya hayo, gharama ya vyombo hutolewa kabla ya mgawo wa mapato, hivyo kila chombo kipya humwongezea mwenye chombo kabla ya kumfikia anayepiga kasia. Nalisema hili nikiwa mimi mwenyewe mwenye trimarani.

Sambaza wachanga hukaa karibu na ufuko. Anayekokota chandarua pale anavuna leo kile ambacho trimarani ingekivuna baada ya miezi michache kikiwa kimenenepa, na tukubali kwamba wengine wetu wamenyamaza kwa sababu wakokotaji ni watoto wa ndugu zetu.

Hata kujizuia ni kazi inayotiwa katika uvuvi. Kule Andavadoaka, pwani ya kusini-magharibi mwa Madagaska, mwaka 2004 wanakijiji walifunga sehemu moja ya mwamba ili pweza wakue, na walipofungua walikuta pweza wakubwa zaidi. Vijiji vingine vikafuata mfano wao. Ng'ambo ya ziwa letu, Rwanda nayo hufunga uvuvi wa sambaza kwa kipindi fulani cha mwaka. Ziwa ni moja, na samaki hawaonyeshi pasipoti.

Hata hivyo, mahali tunapopoteza zaidi, kwa maoni yangu, ni nchi kavu. Mama anayenunua beseni alfajiri kwa mkopo, akalitandaza juu ya mchanga, mvua ikanyesha saa nane, amepoteza samaki ambao kazi yote ya kuwavua ilikwisha kufanyika. Kichanja cha waya kilichoinuliwa kutoka ardhini, pamoja na turubai la kukifunika, kingeokoa chakula bila kumgusa samaki hata mmoja zaidi ziwani.

Mikutano ya mwaka ilifanyika kama ilivyopangwa, na hesabu zitasomwa na mtunza hazina.

Kwa hiyo kamati inapendekeza kwamba michango ya mwaka ujao isinunue taa wala nyavu, bali waya, mbao na maturubai, na kwamba mama wachuuzi ndio waamue vichanja vijengwe wapi. Wenye trimarani kadhaa wamekwisha kuniambia kwamba hawakubali. Watapewa nafasi ya kusema mara tu baada ya hesabu, kisha tutapiga kura, na mama wachuuzi watapiga kura kama wanachama kamili.