Gari ina moto, tairi je? Kuchagua tairi ya kushika lami hapa Mwanza

"Bosi, nipe tairi laini, inayong'ata lami." Swali hili tunaulizwa sana hapa dukani Nyakato. Anayeuliza mara nyingi ana Impreza WRX, Forester ya turbo, Altezza au Mark X, na siku hizi hata Golf GTI. Injini ina nguvu, breki zimebadilishwa, gari imeshushwa, halafu chini unakuta tairi nne za makampuni manne.

Hilo neno "laini" ndilo linalowaponza watu. Kwenye marundo ya tairi za mitumba kutoka Japani, laini kuliko zote huwa ni za theluji. Utazijua kwa neno STUDLESS ubavuni, au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani yake. Bridgestone Blizzak na Yokohama iceGUARD ziko kundi hilo. Kashata zake, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami, zimechanjwa vistari vyembamba vingi, na ukizibonyeza kwa ukucha zinabonyea kweli. Mteja akibonyeza anafurahi, anaona kapata mali. Lakini mpira ule umechanganywa ili usikakamae kwenye baridi ya Hokkaido. Uweke kwenye lami ya Mwanza saa nane mchana, unakuwa kama ubwabwa: kashata zinajikunja kwenye kona, usukani unachelewa kuitikia, gari inachukua umbali mrefu kusimama, na baada ya muda mfupi unarudi kutafuta nyingine. Ni tairi nzuri sana kwao. Sisi kwa gari ya mwendo hatuzifungi, hata mteja akisisitiza.

Ulaini unaoutaka wewe ni wa tairi za kiangazi za michezo, na huo haupimwi kwa ukucha. Soma ubavuni palipoandikwa TREADWEAR. Ni kipimo cha Marekani cha uvumilivu wa kashata: 100 ndiyo tairi ya kulinganishia, 200 inatarajiwa kudumu mara mbili yake kwenye jaribio, na kuendelea. Namba ikiwa ndogo, kwa kawaida mpira unashika zaidi na unaisha mapema zaidi. Kampuni inajipimia yenyewe, kwa hiyo 300 ya huyu na 300 ya yule si lazima zilingane. Tairi zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinaweza zisiwe na namba hiyo kabisa, na hapo inabidi umjue aliyeitengeneza na jina la tairi yenyewe.

Wanaotazama video za mashindano wanakuja wakitaka 200. Bridgestone Potenza RE-71RS ni ya namba hiyo, na Yokohama Advan Neova AD09 pia. Sababu ya 200 kuwa maarufu ni kwamba mashindano mengi ya magari ya mtaani huko Marekani yameiweka kuwa kiwango cha chini, basi makampuni yanatengeneza tairi inayosimama hapo hapo mpakani. Kwenye lami kavu zinashika sana. Tatizo ni mifereji yake: michache, na kina chake kipya mara nyingi ni kifupi kuliko cha tairi ya kawaida. Zikishalika kidogo tu, maji hayana pa kupita.

Na sisi tuna vuli na masika. Mvua ya kwanza ya vuli, baada ya miezi ya vumbi na matone ya oili barabarani, ndiyo mbaya kuliko zote. Lami inateleza hata kwa mwendo wa bodaboda. Fikiria unashuka kuelekea Mabatini, maji ya milimani yamekata barabara, na wewe uko kwenye tairi iliyobaki kina cha milimita tatu. Kwa gari ya kila siku ushauri wetu ni uleule: chukua tairi ya michezo ya karibu 300, yenye TRACTION (kushika lami yenye maji) ya AA na TEMPERATURE (kuvumilia joto) ya A. Mfano ni Michelin Pilot Sport 4S, ambayo ina 300. Mara nyingi huwa tunaagiza Dar, kwa hiyo usisubiri waya zianze kuchungulia ndipo upige simu. Kukupa 200 tutakupa, kama gari ni ya pili na mvua ikinyesha inabaki ndani.

Saizi nayo ina mtego wake hapa kwetu. Ukitoka 225/45R17 kwenda 225/40R18, yaani rimu ya inchi 17 kwenda ya 18, kipenyo karibu hakibadiliki, milimita 634 kwa 637, na spidomita haitakudanganya. Ila ubavu umeshuka kutoka milimita 101 hadi 90. Kama unakaa Isamilo au Bugando, juu kule kwenye mawe, hizo milimita 11 ndizo zilizokuwa zinaokoa rimu. Jiwe moja lenye ncha, au shimo moja ukipishana na lori kule Misungwi, na ubavu unatoa uvimbe. Tairi yenye uvimbe haizibwi na fundi pancha yeyote. Nyuzi za ndani zimeshakatika. Binafsi ningebaki na 17, hata kama 18 inapendeza kwenye picha.

Sasa wenye Subaru. Gari hizi zinasukuma magurudumu yote manne muda wote, na kuna difu ya katikati, au klachi kwenye otomatiki nyingi, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Tairi zikitofautiana mzunguko, ile difu au klachi inafanya kazi bila kupumzika, inapata joto, na bili yake inazidi ya tairi nne mpya. Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Piga hesabu: kashata zikipishana kina kwa milimita 1 tu, mzunguko unapishana kwa milimita 6.28. Umeshafika mwisho. Kwa hiyo ukichanika tairi moja wakati tatu zimelika nusu, usifunge mpya moja ukasema utaona mbele. Nunua nne, au tukutafutie mtumba wa jina lilelile na kina kilekile. Hapo ndipo mtumba unapofaa kwa gari ya mwendo.

Altezza na Mark X za kusukuma nyuma zina nafuu, jozi kwa ekseli inatosha. Nzuri zifungwe nyuma. Wengi hubisha hapa, lakini mbele ikiteleza unaona na kupunguza mwendo, nyuma ikiteleza kwenye maji unageuka ukaangalia ulikotoka.

Umri usome ubavuni kwenye namba inayoanza na DOT, tarakimu nne za mwisho: 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019. Tairi ya michezo iliyokaa stoo miaka sita bado ina kashata za kupendeza, ila mpira umekauka.

Na upepo, tafadhali. Vijana wa kujaza wana tabia ya kutia PSI 40 kila gari inayosimama mbele yao. Kipimo chako kiko kwenye stika ya mlango wa dereva, na kinapimwa asubuhi tairi zikiwa baridi. Ukipima baada ya kutoka Magu kwa mwendo, utakuta umezidi, na hapo usitoe hata kidogo.

Ukitaka bei, tutumie WhatsApp picha mbili: ubavu wa tairi uliyonayo, saizi na DOT vionekane, na ile stika ya mlango. Tuambie pia gari inalala wapi na inakwenda wapi zaidi. Wa Capri Point anayezunguka mjini na anayevuka daraja la Kigongo–Busisi kila wiki kwenda Geita hatuwauzii tairi moja.