Tozo ya kaboni ikatwe kwenye meli na ndege

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu fedha za kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi, jambo ambalo sisi wakulima wa kahawa na migomba hapa Moshi tunalisikia likijadiliwa kila mwaka huku misimu ya mvua ikizidi kutotabirika.

Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa kule Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kutoa dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu zao wenyewe kiwango hicho kilifikiwa mwaka 2022, tena sehemu kubwa ikiwa mikopo, kana kwamba aliyesombewa daraja na mafuriko ndiye mwenye deni. Kwenye mkutano kama huo kule Baku, mwaka 2024, zikaahidi dola bilioni 300 kila mwaka ifikapo 2035. Utaratibu ni uleule: kila serikali huomba idhini ya bunge lake mwaka hadi mwaka, na uchaguzi mmoja unatosha kuifuta ahadi.

Ndiyo maana naunga mkono Azimio la Nairobi la Septemba 2023, ambamo viongozi wa Afrika walitaka tozo ya kaboni ya kimataifa, yaani malipo kwa hewa ukaa inayotolewa, itakayogusa biashara ya mafuta, usafiri wa meli na usafiri wa ndege. Wana Kilimanjaro tunaujua utaratibu huo wa kukata fedha kwenye chanzo. Ushirika wetu wa wakulima wa kahawa, KNCU, ulioanzishwa mwaka 1933, ulikata sehemu ya mauzo ya kahawa kabla fedha haijamfikia mkulima, na makato hayo yakajenga shule bila kungoja hisani ya mtu. Ufaransa nayo, tangu mwaka 2006, hutoza tiketi za ndege, na kwa miaka mingi sehemu ya fedha hizo ilikwenda Unitaid, shirika la kimataifa la afya, kwa ajili ya matibabu ya Ukimwi, kifua kikuu na malaria katika nchi maskini.

Natambua kwamba neno tozo linawauma Watanzania tangu ile ya miamala ya simu ya mwaka 2021, na hofu kwamba mbolea itapanda bei bandarini si ya kupuuzwa. Kwa hiyo nchi maskini zifidiwe kwanza ongezeko la gharama za uagizaji, kwa ruzuku na si kwa mkopo, na abiria wa madaraja ya juu watozwe zaidi. Kwa wenzetu wa utalii wa Arusha, siamini kwamba mgeni aliyelipa maelfu ya dola kupanda mlima ataahirisha safari kwa nyongeza ndogo ya tiketi.

Oktoba 2025, jijini London, Shirika la Bahari Duniani liliahirisha kwa mwaka mmoja uamuzi wa kuzitoza meli zinazotoa kupita kiwango gesijoto, yaani gesi zinazoongeza joto duniani, baada ya Marekani na Saudi Arabia kuupinga vikali, ilhali meli huchangia karibu asilimia 3 ya gesi hizo duniani. Naiomba Serikali itamke hadharani, kabla ya kura hiyo kupigwa, Tanzania itasimama upande gani, na itadai fungu gani la makusanyo kwa ajili ya nchi ambazo hazina meli nyingi lakini mashamba yake yanakauka.

Mkulima wa kahawa,
Moshi