Kabla ya kujitangaza muflisi, usiguse mali

Mhariri,

Dawa ya deni ni kulipa, lakini sheria za nchi nyingi zinakubali kwamba lipo deni lisilolipika, ndiyo maana zikaweka utaratibu wa mtu kuomba atangazwe muflisi. Magazetini utaratibu huo huonekana kama tangazo dogo la kurasa za nyuma, na msomaji huishia kuuona kama fedheha au ujanja wa kukimbia watu. Sisi tunaoandaa mafaili haya tunaulizwa maswali yale yale kila siku: nitanyang'anywa nini, itachukua muda gani, mke wangu ataguswa? Hayo yana majibu mepesi. Kinachowaharibia watu zaidi ni yale waliyoyafanya miezi kadhaa kabla hawajafika kwetu.

Mtu akishaona maji yamezidi unga, hufanya mambo matatu, mara nyingi bila hila yoyote. Humwandikisha ndugu yake gari au kiwanja. Humlipa kwanza mjomba aliyemkopesha, kwa sababu mjomba ni mjomba. Halafu huchukua mkopo mpya wa haraka ili awanyamazishe wanaopiga simu.

Yote matatu yanamrudia. Mara tu amri ya kufilisika inapotolewa, mali ya muflisi huwekwa chini ya msimamizi anayewawakilisha wadai wote, na msimamizi huyo ana mamlaka ya kufukua ya nyuma. Kiwanja kilichohamishwa bure au kwa bei ya kutupa hurudishwa: sheria ya shirikisho ya Marekani inamruhusu arudi nyuma miaka 2, ile ya England na Wales hadi miaka 5. Malipo ya kumpendelea mdai mmoja nayo hutenguliwa. Marekani huangalia siku 90 kabla ya ombi, lakini mwaka mzima kama aliyelipwa ni ndugu; England na Wales ni miezi 6 kwa mdai wa kawaida na miaka 2 kwa watu wa karibu. Maana yake mjomba, ambaye pengine ameshazitumia, ndiye atakayeandikiwa barua ya kuzirudisha. Na ule mkopo wa haraka? Ikithibitika uliuchukua ukijua huna uwezo wa kuulipa, huenda ukabaki nao peke yake baada ya mengine yote kufutwa.

Watu hudhani haya hayagunduliki. Hakuna upelelezi mkubwa unaohitajika. Inatosha taarifa ya benki na ya pesa za simu. Mshahara umeingia tarehe 28. Tarehe 29 nusu yake imekwenda kwa mtu mwenye jina la ukoo lile lile la mwombaji. Kisha wiki tatu nzima mwombaji hajatoa hata senti. Swali la msimamizi huwa moja tu: ulikuwa unakula nini?

Aliyekwisha kufanya hivyo asijaribu kufunika. Aandike kwenye fomu tarehe, kiasi, jina la aliyepokea na sababu, kabla hajaulizwa. Mali iliyohamishwa na ikatajwa ni jambo la kurekebisha. Iliyofichwa ni kiapo cha uongo, ambacho huko Marekani kinaweza kumpeleka mtu jela hadi miaka 5, na karibu kila mahali humnyima msamaha wa madeni alioufuata mahakamani.

Sasa tuje kwenye swali jingine la kila mtu: je, madeni yote yanafutwa? Hapana. Yanayofutika kwa kawaida ni yasiyo na dhamana: mikopo ya kawaida, kadi za benki, bili za matibabu, kodi ya pango ya nyuma. Matunzo ya watoto hayafutwi, wala faini za mahakama ya jinai, wala deni lililotokana na utapeli. Kodi za serikali na mikopo ya elimu hutegemea nchi. Marekani, kwa mfano, mkopo wa elimu haufutwi mpaka mwombaji athibitishe mbele ya jaji kwamba kuulipa kungemtia katika dhiki iliyopindukia. Kama sehemu kubwa ya deni lako iko kwenye kundi hili, kufilisika kutakuachia mzigo ule ule na jina lililochafuka juu yake.

Deni lenye dhamana ndilo linalowachanganya watu kuliko yote. Amri ya mahakama humwondoa mkopeshaji kwenye mshahara wako, haimwondoi kwenye gari. Chukua gari lenye deni la 100 ambalo mnadani litapata 60. Ukifilisika, mkopeshaji anaweza kulichukua na kuliuza. Ile 40 iliyobaki ndiyo inayoingia kwenye fungu la madeni ya kusamehewa. Ukitaka kubaki na gari, itabidi uendelee na marejesho kama kawaida au mkubaliane upya. Tunaloshauri ni kupiga hesabu hii kabla ya kuwasilisha ombi, kwa bei halisi ya mnada na si bei uliyonunulia. Gari lenye deni la 100 na thamani ya 60 mara nyingi ni afadhali liende.

Mdhamini ndiye anayesahauliwa. Msamaha ni wako peke yako. Aliyekuwekea saini anabaki na deni zima, na mkopeshaji akishasikia umefilisika humgeukia yeye siku hiyo hiyo. Marekani, mwombaji anayekwenda kwa Sura ya 13 ya sheria ya ufilisi, yaani mpango wa kulipa kidogo kidogo kwa miaka 3 hadi 5, humpatia kinga ya muda mdhamini wa deni la matumizi binafsi. Sura ya 7, yaani njia ya kuuza mali isiyolindwa na kusamehewa madeni yanayobaki, haitoi kinga hiyo. Mwambie mapema. Asiisikie kwa dalali.

Mwenzi wa ndoa ni hivyo hivyo: haguswi na deni asilolisaini, ingawa sehemu yako katika mali ya pamoja huhesabiwa, na zipo nchi ambazo sheria ya mali ya ndoa hubadilisha picha nzima.

Fomu yenyewe, ile taarifa ya mali na madeni, huchukua muda kuliko watu wanavyofikiri. Anza na barua na ujumbe wote wa kudaiwa, kisha omba ripoti yako ya mikopo ili uwapate uliowasahau. Kila mdai aandikwe kwa jina, anwani, kiasi, tarehe na kama kuna dhamana au mdhamini. Ndugu na marafiki ni wadai pia. Deni unalolibishia liandike na useme unalibishia, kwa sababu mdai asiyetajwa, kwa hiyo asiyepata taarifa, anaweza kukudai upya baadaye. Upande wa mali, watu hutaja nyumba na samani wakasahau kile wanachodai: mshahara wa nyuma, akiba ya ushirika, fidia ya ajali ambayo kesi yake bado inaendelea, fungu la urithi ambao haujagawanywa. Kuhusu urithi kuna mtego. Marekani, marehemu akifariki ndani ya siku 180 tangu uwasilishe ombi la Sura ya 7, haki yako katika mirathi inaingia kwenye mali ya wadai, na kinachohesabiwa ni siku ya kifo, si siku ya kugawana. Huko huko pia ombi halipokelewi kama hukupata ushauri wa mikopo kwa mshauri aliyeidhinishwa ndani ya siku 180 kabla yake. Watu hurudishwa kwa karatasi hiyo moja.

Vyombo vya kazi, nguo, vitanda na vyombo vya jikoni kwa kawaida haviguswi. Nyumba hutegemea ni kiasi gani kingebaki baada ya kulipa rehani.

Simu za wadai na ukamataji wa mali husimama lini? Marekani ni dakika ile ombi linapopokelewa. Kwingine husubiri amri ya kufilisika, kwa hiyo usimfukuze dalali mlangoni kwa kumwonyesha risiti ya ada. Kesi ya jinai haisimami popote.

Muda wa kifungo hiki cha fedha, yaani kukaa muflisi, haufanani. Sura ya 7 ya Marekani huisha kwa kawaida baada ya miezi kama 4. England na Wales ni miezi 12 tangu amri, na inaweza kusimamishwa kama muflisi hatoi ushirikiano. Kenya, chini ya Sheria ya Ufilisi ya 2015, ni miaka 3, lakini huanza kuhesabiwa tangu muflisi awasilishe taarifa yake ya fedha. Anayekaa na fomu mwaka mzima kabatini anajiongezea mwaka. Katika kipindi hicho, England na Wales au Kenya, tegemea kuzuiwa kuwa mkurugenzi wa kampuni na kutakiwa kumwambia mkopeshaji mpya hali yako. Katiba ya Kenya humzuia muflisi asiyeondolewa kugombea ubunge. Rekodi ya mikopo hukaa na alama muda mrefu zaidi, hadi miaka 10 Marekani na kwa kawaida 6 Uingereza.

Mwenye mdai mmoja au wawili na kipato cha uhakika, sisi humshauri ajaribu kwanza mapatano ya maandishi. England na Wales mapatano rasmi hupita wadai wenye asilimia 75 ya thamani ya deni la wanaopiga kura wakikubali, na wakishakubali, waliokataa nao wanafungwa nayo. Mapatano ya mdomo na afisa wa mikopo tusiyahesabu. Akihamishwa tawi yameondoka naye.

La mwisho ni cheti cha kuondolewa kwenye ufilisi. Kikitoka, toa nakala kadhaa, kisha baada ya miezi mitatu angalia ripoti yako ya mikopo: kila deni lililosamehewa lisomeke halina salio. Madeni ya zamani huuzwa kwa wakusanyaji, na atatokea mmoja atakayekupigia akitaka "kidogo tu cha kuonyesha nia njema". Usibishane naye kwenye simu. Mtumie kwa maandishi namba ya shauri, tarehe ya amri na nakala ya cheti, na ubaki na uthibitisho kwamba ameipokea.

Ni sisi wasomaji wenu,
Waandaaji wa mashauri ya madeni