Kromu mnaiandika kila siku, chumvi ya ngozi je?

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana kila habari ya viwanda vya ngozi nikiisoma nakuta ni kromu, kromu, na harufu, basi. Sikatai, kromu, ile kemikali ya kusindikia ngozi isioze, ni ishu kweli, lakini kromu angalau ina pa kushikwa, ukipandisha pH ya majitaka, yaani ukiyapunguzia asidi, inajitenga na kutuama chini unaizoa kama tope. Sasa chumvi ya kuhifadhia ngozi haituami, haiozi, na wale bakteria wa kwenye mabwawa ya kusafishia maji hawana habari nayo, inapita hatua zote na kutoka kama ilivyoingia. Kuna mitambo ya kuchuja kwa shinikizo na mingine ya kuvukiza maji, inafanya kazi, ila inakula umeme balaa na mwisho unabakiwa na lundo la chumvi chafu ambalo nalo linatafuta pa kutupwa.

Kwa asiyeijua hii kazi, ngozi ikishachunwa inaanza kuharibika ndani ya saa chache, zaidi kwenye joto, ndo maana inamwagiwa chumvi upande wa nyama ili maji yatoke na bakteria washindwe kuzaliana. Kipimo cha kawaida kinafika asilimia 40 mpaka 50 ya uzito wa ngozi, yaani ngozi ya ng'ombe ya kilo 25 inaweza kupakwa chumvi kilo 10 na zaidi. Nyingine inachuruzika ikiwa bado kwenye lundo ghalani, inaingia ardhini, na nyingi ya iliyobaki inatoka kiwandani siku ya kuloweka. Fikiria, chumvi inanunuliwa, inasafirishwa juu ya ngozi, halafu kazi ya kwanza ikifika ni kuiosha na kuimwaga! Na ikishafika kwenye kisima hakuna wa kuitoa, mkulima akimwagilia maji yale mimea inanyauka huku udongo umelowa, na sodiamu iliyomo kwenye chumvi inaharibu udongo wenyewe unashikana maji hayapenyi.

Tamil Nadu huko India walishaona. Kesi ya viwanda vya ngozi vya Vellore ilifika mahakama ya juu kabisa ya nchi na hukumu ikatoka 1996, na ndani ya hukumu ile kuna uchunguzi wa vijiji 13 uliokuta visima 350 kati ya 467 vimechafuliwa. Sio chumvi peke yake, kulikuwa na mengi, ila ukweli ni kwamba maji yakishafika hapo mahakama haiwezi kuyarudisha.

Hoja yangu ni kwamba tunabanana na kiwanda mwishoni wakati chumvi inaingia mwanzoni, pale kati ya machinjio na ghala. Kuna vitu havihitaji hata mtaalamu. Ngozi ikifika ikung'utwe kabla haijagusa maji, kwa mkono au kwenye pipa la matundu linalozunguka, chembe zilizolegea zinadondoka zikiwa kavu. (Ila usiirudishie tu kwenye ngozi nyingine hivyohivyo, chumvi iliyotumika inabeba bakteria wanaopenda chumvi, utaona madoa mekundu na ngozi imeharibika.) Kingine, mafuta, minofu na vipande visivyotumika vitolewe kabla ya kutia chumvi, kwa nini tuhifadhi kitu ambacho kitaenda kutupwa?

Kubwa kuliko yote ni baridi. Ngozi iliyopozwa haraka ikakaa kwenye nyuzi 2 mpaka 4 inavumilia siku kadhaa bila punje ya chumvi, na kama machinjio na kiwanda viko jirani hata barafu inatosha, kinachotakiwa ni mpangilio tu, gari lije kwa wakati. Ngozi ndogo za mbuzi na kondoo zinaweza kukaushwa kwenye fremu, kivulini penye upepo, sio kutandazwa chini juani maana juu inakauka ndani inaoza. Wapo wanaosema tutumie kloridi ya potasiamu, sawa potasiamu mimea inaihitaji, ila bei iko juu na kloridi, ambayo imo pia kwenye chumvi ya kawaida, bado ipo palepale. Wengine wanapunguza chumvi kwa kuchanganya asidi ya boriki, hapo napo boroni ikizidi inaumiza mazao, kwa hiyo tusidanganyane kwamba kuna unga wa miujiza.

Halafu pesa, ambayo naona haizungumzwi kabisa. Ngozi ikinunuliwa kwa uzito pamoja na chumvi yake, nani atakung'uta? Mwenye ghala anaongeza koleo moja zaidi na mwenye kisima ndo anakuja kulipa. Ipimwe ikiwa imekung'utwa, na ngozi mbichi iliyopozwa vizuri ipewe bei nzuri kuliko ya chumvi, muone kama wachunaji na wenye maghala hawatabadilika wenyewe bila semina.

Kwa hiyo mhariri, waandishi wako wakienda tena kiwandani wasiishie kuuliza kromu. Waombe vipimo vya kloridi vya maji ya kuloweka, peke yake, kabla hayajachanganywa na maji mengine, maana yakishachanganywa namba inapendeza wakati chumvi ni ileile. Na waulize ngozi inachukua saa ngapi kutoka machinjio mpaka inapofika pale.

Msomaji wenu wa siku nyingi